Mshono wa Kukimbia: Tahakiki ya Orodha Moja ya Istilahi za Tanga na Ushonaji wa Mkono

Ofisi yetu ililetewa hivi karibuni mswada wa mwongozo wa ushonaji wa mkono, pamoja na orodha ya istilahi zake, ili tuupitie kabla haujapigwa chapa. Mswada huo umetafsiriwa kutoka Kiingereza, na umekusudiwa vijana wanaojifunza kushona matanga na maturubali katika karakana ndogo ndogo za pwani. Nia yake ni njema. Mafundi wa matanga wanapungua, injini zimeenea, na kijana aliye tayari kukaa na fundi miaka miwili mitatu ajifunze kazi ya sindano na nta haonekani kwa urahisi. Aliyewaza kuwaandikia vijana hao kwa Kiswahili anastahili shukrani. Lakini tulichoombwa kupima ni maneno, na kwa upande wa maneno tumeona mengi yasiyoridhisha, mengine yakiwa ni makosa yetu wenyewe tulio katika kazi hii ya istilahi.

Kama ilivyo desturi, tuliipeleka orodha kwa walimu na wafasiri kadhaa. Jibu la kwanza lilitoka Ngarambe, wilayani Rufiji. Msomaji anaweza kushangaa, kwa kuwa Ngarambe haina bahari. Ni kijiji cha bara, jirani na mbuga, kinachojulikana zaidi kwa habari za Kinjekitile Ngwale na Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 kuliko kwa habari ya chombo chochote cha majini. (Na vita hivyo, itakumbukwa, vilichochewa kwa sehemu kubwa na kilimo cha pamba cha kulazimishwa, kwa hiyo Ngarambe ina neno lake la kusema katika habari za nguo pia.) Mwalimu aliyetuandikia alisema kwamba aliwasomea watoto wa darasa la sita ukurasa wa kwanza wa mswada, akawauliza maana ya “mshono wa kukimbia”. Mtoto mmoja akajibu kuwa huo ni mshono wa mtu mwenye haraka.

Hatuoni kosa la mtoto huyo. Alipewa maneno mawili ya Kiswahili akayasikia kama Kiswahili. Aliyekosea ni mfasiri, aliyelichukua jina la Kiingereza akalibadilisha neno kwa neno. Mshono anaoukusudia ni ule wa sindano kuzama na kuibuka kwa hatua zilizo sawa katika mstari mmoja, na Kiswahili kinao tangu zamani: ni bandi, na kuushona ni kupiga bandi. Neno hilo halikufichwa mahali. Wanalijua mafundi cherehani wa barazani, nalo limo katika kamusi ya Johnson ya 1939.

Mifano ya namna hii ni mingi, nasi tutataja michache tu. Kifaa cha kukinga kidole kisichomwe na sindano kimeitwa “kifuniko cha kidole”, ilhali tuna subana, na wengine husema kastabini. Sindano nene ya kushonea magunia na magodoro imepewa maelezo ya mstari mzima, ilhali ina jina lake, shazia. Kamba inayoshonewa kuzunguka ukingo wa tanga ili lisichanike imeitwa “kamba ya bolti”. Kile kipande cha ngozi ambacho mshona matanga huvaa mkononi ili aisukume sindano kimeitwa “kiganja cha fundi”, hata tukasoma agizo kwamba mwanafunzi “achukue kiganja chake akivae katika mkono wa kulia”. Na lililotusikitisha kuliko yote ni “rasimu ya tanga”. Tulikaa nalo asubuhi nzima. Hatimaye tukatambua kwamba neno la Kiingereza lililo nyuma yake lina maana kadhaa, mojawapo ni rasimu ya maandishi, na nyingine ni ule uvimbe wa tanga linapojaa upepo. Mfasiri aliangukia ile aliyoizoea ofisini.

Mtu anaweza kusema kwamba dawa ni kumpa mfasiri kamusi. Sisi hatuamini kuwa jambo ni jepesi hivyo. Tukitazama historia ya kamusi zetu tutaona kwamba maneno ya vyombo na matanga yamo kwa wingi, kwa sababu waliozianza, Steere aliyetoa kitabu chake cha lugha mwaka 1870 na Madan aliyetoa kamusi yake ya Kiswahili na Kiingereza mwaka 1903, walifanya kazi Unguja wakati bandari ilipokuwa imejaa majahazi. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 iliyapokea maneno hayo, na Johnson akayaingiza katika kamusi zake. Tangu hapo tumekuwa tukirithishana. Neno linatoka kamusi moja kwenda nyingine, fasili yake ikifupishwa kila safari, na mara nyingi anayeifupisha hajawahi kukishika kitu chenyewe. Padre Sacleux, katika kamusi yake iliyoanza kutoka mwaka 1939, alizoea kuonyesha neno ni la lahaja gani. Orodha zetu za leo zimeacha desturi hiyo, nasi tunaona ni hasara, kwa maana katika ufundi wa pwani neno la Lamu si lazima liwe la Mafia, na mfasiri asiyeambiwa hivyo hudhani amepata jibu wakati amepata nusu yake.

Chukua neno demani. Wasomaji wengi watakuambia kuwa ni majira, ile miezi ya upepo mwanana baada ya kusi kupungua. Ni kweli. Lakini kwa baharia demani ni kamba pia, ile inayoizuia pembe ya nyuma ya tanga, na ni upande pia, ule usiokabili upepo, kinyume cha joshi. Tumewahi kuletewa tafsiri ya maelezo ya makumbusho ambamo agizo la nahodha la kulegeza demani lilikuwa limegeuzwa kuwa habari ya kupungua kwa msimu. Mfasiri alifungua kamusi, akaona maana ya kwanza, akaishia hapo. Kamusi haikumdanganya, ila haikumwonyesha jahazi.

Turudi Ngarambe, maana barua ya mwalimu haikuishia kwenye kicheko cha watoto. Aliandika kwamba kijijini kwake hakuna tanga, lakini kina mama wanasuka mikeka, na kwamba kila mtoto aliyekuwa darasani anajua kuwa mkeka hausukwi mzima. Husukwa ukili, ule utepe mrefu mwembamba, kisha ukili hushonwa ubavu kwa ubavu mpaka mkeka upate upana. Akauliza: je, tanga halikushonwa vivyo hivyo?

Swali hilo limetufundisha zaidi ya orodha nzima. Tanga la zamani lilikuwa mkeka. Mtepe, chombo cha visiwa vya Lamu kilichotoweka baharini katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, ulisafiri kwa tanga la mkeka, na mbao za mwili wake hazikupigwa misumari bali zilishonwa kwa kamba za kumbi. Kabla yake sana, kitabu cha Kigiriki cha karne ya 1 kinachoeleza safari za Bahari ya Hindi kinataja mji wa biashara ulioitwa Rhapta, na kinasema uliitwa hivyo kutokana na vyombo vyake vya kushonwa. Wataalamu hawajakubaliana mji huo ulikuwa wapi, lakini Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ametoa hoja kwamba ulikuwa pande hizi za delta ya Rufiji. Ikiwa hoja yake ni sahihi, basi mojawapo ya mahali pa kwanza pa pwani yetu kuandikwa kwa jina katika nchi hii paliitwa kwa kitenzi hiki hiki, kushona. Kitambaa cha pamba, hasa marekani iliyoletwa na wafanyabiashara wa Massachusetts tangu miaka ya 1830, kilipochukua nafasi ya mkeka, jina la tanga halikubadilika. Pande za nguo zilishonwa ubavu kwa ubavu, kama ukili.

Mwandishi wa mswada ameziita pande hizo “paneli za kitambaa”. Sisi tulitaka kupendekeza ukili, kwa furaha ya kugundua. Lakini tulijizuia, kwa sababu hilo nalo lingekuwa neno la mezani, japo zuri. Tukaamua kwenda kuuliza.

Safari ilitupitisha Ngarambe kumshukuru mwalimu, kisha daraja la Mkapa, Kibiti, na hatimaye kijiji kimoja cha delta ambako mzee mmoja bado anashona matanga ya ngalawa na mashua chini ya banda la makuti. Ana wanafunzi wawili, mmoja mjukuu wake. Kitambaa anacholetewa siku hizi mara nyingi si pamba. Ni turubai kuukuu, au magunia ya salfeti yaliyofumuliwa na kuunganishwa. Baada ya shikamoo na mazungumzo ya safari tulimsomea orodha. Kwenye “kamba ya bolti” alicheka mpaka akaweka sindano chini. Kwenye “rasimu” hakucheka, alingoja tumweleze, kisha akasema, “Ah, tumbo. Tanga lisilo na tumbo ni shuka.” Kile kipande cha ngozi, kilichokatwa kutoka kiatu kikuukuu, anakiita ngozi tu. Tulipomsisitiza atupe jina kamili alitutazama na kuuliza, “Wanangu, mnataka jina lake au mnataka kujua kazi yake?” Tulijibu kwamba tunataka yote mawili. Akasema basi tushone kwanza.

Tulishona. Mshono wa tanga una pande mbili zinazolaliana kidogo, na kila ukingo hushonwa peke yake, ili mmoja ukikatika mwingine ushike. Ukaukutane uzi usiopakwa nta, na kabla ya kufika shibiri moja utakuwa umejua kwa nini nta imewekwa karibu ya mkono. Hayo mswada umeyaeleza, tena vizuri. Usichokieleza ni vipimo vya fundi. Mwongozo unamwagiza kijana ahesabu mishono kwa sentimita na akate kwa mita. Mzee alipima kwa wanda, shibiri, dhiraa na pima, na alipokuwa akimfundisha mjukuu alitofautisha dhiraa kamili na dhiraa konde, yaani ile ya kiwiko hadi ncha ya kidole na ile inayoishia kwenye ngumi iliyofumbwa. Wapo watakaosema hivyo ni vipimo visivyo na uhakika, mkono wa huyu si mkono wa yule. Lakini tanga moja hupimwa kwa mkono mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, na uwiano wa sehemu zake ndio unaolipa tumbo. Hatusemi mita ifutwe, maana dukani kitambaa kinauzwa kwa mita. Tunasema kijana aliyefundishwa kwa mita peke yake hatamwelewa fundi anapomwambia akate shibiri mbili zaidi chini, na akishindwa kumwelewa atarudi kwenye kutazama tu na kuiga, jambo ambalo mwongozo uliandikwa kusudi kuliondoa.

Tulimuuliza kuhusu pande za nguo. Yeye anasema “upande” na “pande” basi. Lakini mkewe, aliyekuwa akisikiliza huku anasuka, alisema kwao walikotoka matanga ya mkeka yalikuwa yakisimuliwa na bibi zake, na kwamba katika masimulizi hayo neno lilikuwa shupatu, si ukili. Mzee akabisha. Hatukuwapatanisha.

Kuna watakaouliza ni kwa nini mtumishi wa serikali apoteze siku kwa kazi inayokufa. Kwanza, haijafa. Wavuvi wadogo wa ngalawa bado wanatweka tanga, na bandi na pindo zile zile ndizo zinazoshona maturubali ya malori kando ya barabara ya Kibiti. Pili, Tanzania iliridhia mwaka 2011 Mkataba wa UNESCO wa 2003 wa kuhifadhi urithi usioshikika, na mkataba huo unautaja ufundi wa jadi na unaitaja lugha kuwa ni chombo cha kuubebea urithi huo. Pale Unguja, Jumba la Ajabu lilipoporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020, watu wengi waliuhuzunikia mtepe wa mfano uliojengwa upya mwaka 2003 na kuwekwa humo. Ni halali kuhuzunika. Ila chombo kile kilibidi kibuniwe tena kwa kutazama mifano na picha, kwa sababu waliojua kukishona walikuwa wamekwisha kuondoka na maneno yao.

Mswada tumeurudisha kwa mwenyewe pamoja na mapendekezo haya. Bandi ichukue nafasi ya “mshono wa kukimbia”, na ule wa kushikiza kwa muda uitwe bandi ya muda, kwa kuwa mafundi hutumia neno moja kwa yote mawili na mwongozo unahitaji kuyatenga. Subana ikubaliwe, na kastabini iandikwe kando yake kama kisawe. Shazia irudi mahali pake. “Rasimu” ifutwe, iandikwe tumbo la tanga. “Kamba ya bolti” iwe kamba ya pindo. “Kiganja” kiwe ngozi ya kiganjani, mpaka mtu atuletee neno bora kutoka karakana nyingine. Demani na joshi ziingizwe zikiwa na maana zake zote, na mchoro. Vipimo vya mwili viandikwe sambamba na mita.

Mbele ya “paneli za kitambaa” tumeacha nafasi wazi. Nakala moja imekwenda kwa mwalimu wa Ngarambe, nyingine delta, na nyingine tumezituma Mafia, Nungwi na Matondoni. Wasomaji walio karibu na mshona matanga yeyote, au na mama yeyote anayeshona mikeka, wanaombwa watuandikie walilolisikia, wakitaja kijiji, na kama inawezekana waambatanishe kipande chenyewe.