Ufundi wa Kung'oa

Kompyuta ikiwa nzito, mtaani dawa ni moja: piga Windows upya. Fundi anahamishia picha na nyaraka kwenye flashi, anafuta diski nzima, na baada ya saa chache mwenyewe anakabidhiwa mashine nyepesi na tupu. Siwalaumu mafundi. Mwenye foleni ya wateja hawezi kukaa na mashine moja kutwa. Lakini kwa njia hiyo hakuna anayepata kujua mashine ilisumbuliwa na nini, na mteja hupoteza mengi ambayo si picha wala nyaraka: programu ya hesabu za duka ambayo diski yake ilishapotea, mipangilio ya printa, nywila zilizokuwa kwenye kivinjari.

Upo ufundi mwingine, wa polepole, nao ndio ninaotaka kuusifu: kuondoa programu moja isiyotakiwa na kuacha kila kitu kingine kikiwa hai. Kazi hii haina sifa kwa watu, kwa sababu ikifanywa vizuri hakuna kinachoonekana. Hata hivyo naiona ngumu kuliko kusakinisha. Anayesakinisha hubonyeza "endelea" mpaka mwisho. Anayeondoa sharti ajue yote yaliyotendeka nyuma ya vibonyezo vile.

Programu ikiingia kwenye Windows haikai mahali pamoja. Faili zake kubwa huenda kwenye Program Files, mipangilio yake hujibanza ndani ya AppData, folda ambayo kwa kawaida haionekani, na habari zake nyingine huandikwa kwenye Rejista, hazina kuu ya mipangilio ambayo Windows imeitegemea tangu toleo la mwaka 1995. Humo Rejistani kuna kifungu kiitwacho Uninstall, nacho ndicho kinachojaza orodha tunayoiona tunapotaka kuondoa programu. Wengi hawajui kwamba orodha ile huandikwa na programu zenyewe. Programu ikikataa kujiandikisha, haionekani. Ikijiandikisha, ni yenyewe inayotaja amri ya kuiondoa. Tukibonyeza "ondoa", kazi ya kuondoa anaifanya yuleyule anayeondolewa, na kama hana nia njema atabakiza anachotaka.

Ndiyo maana fundi mahiri haanzi kwa kufuta. Anaanza kwa kusoma. Chombo ninachokienzi kuliko vyote ni Autoruns, programu ndogo ya bure ya Mark Russinovich na Bryce Cogswell, Wamarekani wawili ambao kampuni yao, iliyoanzishwa 1996, ilinunuliwa na Microsoft mwaka 2006. Autoruns huorodhesha kila kitu kilichopangiwa kuanza chenyewe mashine inapowaka au mtu anapoingia: huduma, draiva, kazi zilizopangiwa saa, viongezo, na mistari ya Rejista ambayo hakuna orodha ya kawaida inayoitaja. Anayeifungua mara ya kwanza hushtuka kuona kompyuta yake ina wakazi wengi kiasi hicho. Kwetu, ambako intaneti ya wengi ni bando la simu, wakazi hao wana gharama ya fedha: programu inayojisasisha kimyakimya inaweza kumaliza bando la wiki kabla mwenye nalo hajafungua barua pepe moja.

Uzuri wa Autoruns uko kwenye alama ya tiki. Ukiiondoa tiki, mstari haufutwi. Unahamishiwa pembeni, na ukiona umekosea unairudisha. Fundi huondoa tiki moja, huwasha mashine upya, huangalia kilichobadilika, ndipo huendelea. Subira hiyo ndiyo nusu ya ufundi. Nusu nyingine ni ujanja wa kupambana na wakaidi. Kuna programu chafu zinazojiendesha mbilimbili, kila moja ikiilinda mwenzake. Ukiua hii, ile inaifufua papo hapo. Russinovich amekuwa akifundisha kwamba wakaidi wa namna hiyo wasiuawe kwanza. Wasimamishwe wote, wagande, kwa sababu aliyeganda hajui kwamba mwenzake amekufa. Kisha wauawe, na mistari yao ya kuanzia ifutwe. Kwangu hakuna hatua katika kazi hii inayopendeza kuliko hiyo.

Na ufundi huu wote umo katika kisa kimoja cha Russinovich mwenyewe. Mwaka 2005 alikuwa akiijaribu RootkitRevealer, programu yao ya kusaka vitu vinavyojificha, ikamwonyesha folda na draiva ambazo Windows kwenye kompyuta yake ilikuwa haizioni kabisa. Hakukimbilia kufuta. Alichunguza mpaka akagundua kwamba kila faili lililoanza na herufi $sys$ lilikuwa likifichwa. Ili kuhakikisha, alinakili Notepad, akaipa nakala hiyo jina lenye mwanzo huo, ikatoweka mbele ya macho yake. Kisha alifuata nyayo hadi kampuni ya Uingereza iitwayo First 4 Internet, na kutoka hapo hadi CD ya muziki wa ndugu Van Zant aliyokuwa ameinunua, iliyotolewa na Sony BMG. Kinga ya kuzuia watu kunakili muziki ilikuwa imeingia kwenye mashine, ikajificha, na ilikuwa ikikagua programu zilizokuwa zikiendeshwa hata pale ambapo hakuna muziki unaopigwa. Katika orodha ya programu za kuondoa haikuwemo.

Alizifuta draiva, akafuta maandishi yake Rejistani, akawasha upya. Kisomeo cha CD kikawa hakionekani tena. Draiva zile zilikuwa zimejipachika kati ya Windows na kifaa, na kuziondoa kukakata mawasiliano. Aliyetembelea magofu ya Gede, karibu na Malindi, ameona miti iliyoota juu ya kuta za mawe: mizizi imepenya kwenye nyufa miaka mingi, na anayeung'oa mti kwa nguvu anaondoka na ukuta. Ilikuwa hivyo. Russinovich alirudi Rejistani, akakuta majina ya draiva zilizokwisha kufutwa bado yamo katika orodha ya vichujio vya kisomeo. Mamlaka ya msimamizi wa kompyuta hayakutosha kuyafuta. Ikambidi aifungue Rejista kwa mamlaka ya mfumo wenyewe. Akayatoa, na kisomeo kikarudi. Tarehe 31 Oktoba 2005 aliyaandika yote hadharani, na katikati ya Novemba Sony BMG ikatangaza kuzirudisha CD hizo kutoka madukani.

Huo ushindi dhidi ya kampuni kubwa haunigusi sana. Kinachonigusa ni ile nakala ya Notepad: mtu ana ushahidi wa kutosha kukasirika, lakini anatulia ili ahakikishe. Na inanigusa kwamba kisomeo kilipopotea hakupiga Windows upya. Alirudi kutafuta ni uzi gani aliokuwa ameukata.

Sony BMG ilipoharakisha kutoa njia yake ya kuondoa kinga ile, tuliona kazi hii ikifanywa vibaya inakuwaje. Ed Felten na J. Alex Halderman wa Chuo Kikuu cha Princeton walionyesha kwamba njia hiyo ilibakiza kwenye kompyuta kipande ambacho tovuti yoyote ingeweza kukitumia kuendesha programu zake humo. Aliyefuata maelekezo kwa utiifu alitoka na mlango ulio wazi zaidi.

Karibu miaka kumi baadaye, Februari 2015, baadhi ya kompyuta za Lenovo zikafichuliwa kuwa zimeuzwa na programu ya matangazo ya Superfish ndani yake. Programu iliondoleka kwa urahisi. Kilichobaki ni cheti chake cha usalama, ambacho Windows iliendelea kukiamini, na ufunguo wa cheti hicho ulikuwa mmoja kwa mashine zote. Waliobonyeza "ondoa" wakalala wakidhani wamemaliza walikuwa bado wanaweza kudanganywa na tovuti bandia ya benki. Fundi anayejua kazi hufungua pia orodha ya vyeti, na hasahau kwamba Firefox ina orodha yake ya pembeni.

Lakini bidii ina mpaka, na mafundi vijana hapo ndipo wanapoteleza. Programu ikishaondoka hubaki mistari ya Rejista inayotaja faili zisizokuwepo, na kuna bidhaa nyingi zinazoahidi kuisafisha kwa mbofyo mmoja na kuifanya mashine iwe na kasi. Microsoft imesema wazi kwamba haiungi mkono matumizi ya visafishaji hivyo, na naona ina haki. Mistari michache iliyokufa haipunguzi kasi ya mashine, ila kisafishaji kinachokisia kinaweza kufuta mstari ulio hai, na hapo Windows inaweza kugoma kuwaka. Mteja akiliona jina la programu ile limebaki mahali fulani na akataka litolewe pia, fundi mzuri humwonyesha kwamba halielekezi kwenye faili lolote, haliamki mashine inapowaka wala haligusi bando lake, kisha anaifunga Rejista na kumpa mashine yake.