Ufumaji katika Mtaala wa Bauhaus: Uhakiki

Walter Gropius alipoanzisha Bauhaus mjini Weimar mwaka 1919, aliahidi kutobagua baina ya wanafunzi wa kiume na wa kike. Mtaala unamkanusha. Kozi ya awali ilisomwa na wote. Baada yake, wanawake wengi walielekezwa kwenye karakana ya ufumaji, akiwamo Anni Albers aliyetamani karakana ya vioo. Wanaoisifu kozi ya awali (nayo yastahili sifa) aghalabu hawaulizi iliwafikisha wapi waliohitimu. Kwa maoni ya mtafiti, ubaguzi ulianzia hapo. Hata hivyo, karakana hiyo, iliyoongozwa na Gunta Stölzl kuanzia mwaka 1927, ilibuni vitambaa vya kuzalishwa viwandani, jambo ambalo chuo kizima kilikuwa kimelifanya lengo lake.