Kosa la GB 128

Kadi ya kumbukumbu ya GB 128 haina kazi ndani ya Uniden BCD436HP, skana ya redio ya mkononi. Ushahidi umo kwenye mwongozo wa skana yenyewe: ukomo ni GB 32, na kiwanda kiliweka ya GB 4 mambo yakaenda. Bado watu wanaichomoa ile ndogo, wanachomeka microSDXC yenye alama za V30, U3 na A1 zilizobanana hadi jina la mtengenezaji linakosa nafasi, kisha wanatamba kwamba wameboresha skana. Hiyo ni akili ya simu: kadi ikiwa kubwa na yenye mbio, basi ndiyo bora. Simu inapiga video ya 4K na kubeba maelfu ya picha, kwa hiyo huko ukubwa una maana. Skana inasikiliza zimamoto wa kaunti moja ya Ohio wakisema maneno manne na kunyamaza.

Tupige hesabu, maana ubishi huu huendeshwa bila hesabu. Sauti ya WAV ya mono, sampuli 8,000 kwa sekunde, kila sampuli biti 16, inakula baiti 16,000 kwa sekunde. Saa nzima ni MB 57.6. GB 4, hata ukitenga nafasi ya hifadhidata ya masafa, inabeba saa zaidi ya 50 za maongezi mfululizo. GB 32 inapita saa 500. Na hayo mfululizo hayapo, kwa sababu ukimya haurekodiwi. Kwenye mbio ndiko kuna kichekesho zaidi. Class 4, ambayo siku hizi hata wauzaji wanaionea haya, inaahidi MB 4 kwa sekunde, mara 250 ya kinachotakiwa. Kuinunulia skana V30 ni kukodi lori kubebea mkungu mmoja wa ndizi. Tena kadi ya UHS-I ikikutana na kifaa kisichoijua UHS hurudi kwenye mwendo wa zamani usiozidi MB 25 kwa sekunde, na mbio zilizolipiwa hubaki kwenye pakiti. A1 peke yake ina hoja, kwa kuwa inapima uandishi wa vipande vidogo vidogo, na skana kweli huandika faili nyingi ndogo. Lakini A1 ni operesheni 500 za kuandika kwa sekunde. Hakuna kaunti yenye askari waongeaji kiasi hicho.

Sasa njoo kwenye kitendo chenyewe, maana kosa hili huzaa mengine. Kwa mujibu wa kanuni za SD, kadi iliyozidi GB 2 hadi GB 32 ni SDHC na huja na FAT32. Ikivuka hapo ni SDXC na huja na exFAT. exFAT ilikuwa mali ya Microsoft, kwa leseni, na vipimo vyake viliwekwa hadharani mwaka 2019. Skana iliyoingia sokoni 2014 inaielewa FAT32, basi. Mwenye kadi anaichomeka, skana inamkodolea macho. Anairudisha kwenye kompyuta, anafungua dirisha la kufomati, na Windows inampa exFAT na NTFS tu, FAT32 haimo. Hapo alikuwa ameshaambiwa. Badala ya kurudi dukani, anapakua programu ya pembeni na kuilazimisha FAT32 juu ya GB 128. Kwa vipande vya KB 32, jedwali la FAT linakuwa na maingizo karibu milioni 4 ya baiti 4 kila moja, yaani kama MB 16 za jedwali tupu, ambazo kifaa chochote kinachohesabu nafasi iliyobaki lazima kizipitie. Kwenye GB 32 ni MB 4. Na bado hajamaliza: kadi ni tupu, haina folda ya BCDx36HP wala faili ya scanner.inf ndani yake, kwa hiyo Sentinel, programu ya Uniden ya kompyuta, haitambui kwamba kuna skana upande wa pili. Dawa yake ni kuiagiza Sentinel ifanye Clear User Data ili ijenge folda upya, au kunakili kila kitu kutoka kadi ya zamani. Asiyejua hilo hulalamika kwamba skana imekufa.

“Mbona yangu inafanya kazi?” Sikatai. SDHC na SDXC husemezana na kifaa kwa namna moja, na ukomo wa GB 32 wa kufomati ni wa Windows, si wa FAT32. Microsoft wenyewe walianza kuulegeza mwaka 2024. Lakini kufanya kazi si hoja. Hoja ni faida iliyopatikana, na hesabu ya juu inasema hakuna. Hasara ipo: siku skana ikigoma hutajua kama ugonjwa ni wa kadi, wa fomati au wa redio, na kiwanda kina haki ya kukujibu kwamba hiyo kadi hakikuitaja.

Hoja nzito zaidi ya upande wa pili ni ya uimara: kadi kubwa ina seli nyingi za kugawana uandishi, kwa hiyo huchakaa polepole. Kinadharia ni sawa. Ila hata redio ikirekodi usiku na mchana bila kupumua, ni GB 1.4 hivi kwa siku. Kadi ya GB 16 itaandikwa upya mara moja kila siku 11 au 12. Ikistahimili mizunguko 300 tu, ni zaidi ya miaka tisa. Punguza nusu kwa sababu ya faili ndogo ndogo, bado utachoka wewe kwanza. Mwenye wasiwasi anunue SDHC ya GB 32 iliyotengenezwa kwa kamera za magari, ambayo kazi yake ni kuandikwa bila kukoma.

Anayenunua SDHC ya GB 8 hadi 32 ya jina linalojulikana, akaifomati kwa programu ya SD Association na kunakili folda ya zamani, amefanya kazi safi. Tatizo ni soko. Kadi zilizochakachuliwa hudanganya ukubwa: chipu ya ndani ni ya GB 8, kidhibiti kinasema 128. Programu ya H2testw au F3 humuumbua mwongo huyo kwa kuijaza kadi yote na kuisoma tena. Kwa MB 20 kwa sekunde, kuandika GB 16 ni dakika 13. GB 128 ni karibu saa mbili, na kusoma bado. Ndiyo maana wenye kadi kubwa hawapimi. Na skana haitawasaidia kugundua, kwa kuwa kuzijaza hizo GB 8 za kweli kunahitaji karibu saa 139 za maongezi. Mtu ataiamini kadi miezi kadhaa, halafu rekodi zianze kufutana.

Kinachoua kadi kwenye skana za mkononi hasa ni betri. BCD436HP inatumia AA tatu. Zikiisha katikati ya kuandika, FAT32 haina kumbukumbu ya hatua ya kurejea, na jedwali linaweza kuvunjika. Hapo V30 haiokoi chochote. Kinachookoa ni nakala ya folda kwenye kompyuta.

Na hapa narudi kwenye kinyongo changu cha siku zote. Udhaifu huu una madhara kwa sababu kiwanda kiliamua kuweka kila kitu kwenye kadi, hifadhidata pamoja na orodha za mtumiaji mwenyewe. Kadi ikivurugika, redio inakuwa kopo. PRO-2006 ya Radio Shack ilishika chaneli 400 kwa msaada wa betri ya volti 9, na betri ikifa ulikaa ukazibonyeza upya kwa kidole. BCD396XT ya Uniden ilifuata tranki ya P25, mfumo wa dijitali wa redio za dharura, Awamu ya 1, bila kadi. Wanaosema dijitali ya sasa haiwezekani hivyo waitazame BCD325P2 ya Uniden hao hao: Awamu ya 2, masafa yote tumboni, hakuna hata tundu la kadi. Haina hifadhidata ya Marekani na Kanada, wala hairekodi. Hayo mawili ndiyo yaliyohitaji kadi. Orodha ya mtu, ambayo ni kilobaiti chache, ilipaswa kukaa ndani ya redio.