VJ Anayejua Kunyamaza

Katika vibanda vya video vya Jinja na Mbale, Uganda, VJ, yaani mtu anayetafsiri na kusimulia filamu juu ya sauti yake, husifiwa kwa kutofunga mdomo. Filamu ya kutisha ikianza tu, kabla hata jina lake halijatokea, yeye keshawasalimu watu wa Walukuba au Namatala, keshamwaga mizaha, na kibanda kizima kinamshangilia. Hastahili sifa hizo. Mtu huyo ameua dakika mbili zilizotengenezwa makusudi ili watazamaji waanze kuogopa kabla hawajamwona muuaji.

Kelele zina mahali pake. VJ Emmie anapiga domo tangu mwanzo wa Who Killed Captain Alex?, filamu ya mwongozaji Nabwana ya mwaka 2010 kutoka Wakaliga, Kampala, na inapendeza kwa sababu ni filamu ya mapigano. Filamu ya kutisha ina adabu yake.

Cha kuangalia ni mkono ulio kwenye mikisa, mashine ya kuchanganya sauti. Mashabiki husikiliza Kiganda cha VJ na vichekesho vyake, wakasahau kinachoupata muziki. Kila anaposema, hushusha sauti ya filamu ili asikike, akinyamaza, huipandisha. Kwenye mazungumzo hakuna ubaya. Kwenye majina ya mwanzo ni balaa. Chukua Halloween ya John Carpenter, ya 1978. Skrini ni nyeusi tii. Boga lililochongwa sura linawaka ndani, majina ya rangi ya machungwa yanapita kando yake, na kamera inalisogelea polepole hadi jicho linajaa mbele ya mtazamaji. Piano inapiga kwa hesabu ya tano, si nne iliyozoeleka. Hakuna anayehesabu, lakini mwili unajua kwamba kuna kitu hakijakaa sawa. VJ akipenyeza neno moja tu, mdundo unamezwa, na hofu iliyokuwa inapanda inashuka yote.

Hesabu hiyo Carpenter alifundishwa utotoni na baba yake, mwalimu wa muziki, kwa ngoma za bongo. Baadaye alimwonyesha mkubwa mmoja wa studio filamu yenyewe ikiwa bado haina muziki, na mkubwa huyo hakutishika hata kidogo. Ndipo Carpenter alipoketi akautunga. Basi VJ anayeufunika muziki huo anawarudishia watu ile filamu isiyotisha.

Kipimo cha pili ni Alien ya 1979. Vipande vya mistari hujitokeza kimoja kimoja juu ya giza la anga, mpaka mwishowe vinakuwa herufi tano. VJ anayelitaja jina mstari wa kwanza unapotokea hafai. Jina hutajwa mara moja, kwa sauti ya chini, likishakamilika. Majina ya waigizaji hayasomwi kamwe. Wala namba ya simu ya studio iliyorekodi tafsiri haipitishwi hapo.

Wapo pia wadanganyifu wanaokata mwanzo wote ili wawahi onyesho lingine. The Shining ya 1980 huumia zaidi, kwa kuwa asiyejua huona kigari tu kinapanda barabara ya milimani mchana kweupe. Hasikii kwamba Wendy Carlos na Rachel Elkind wamekisindikiza kwa sauti ya wimbo wa kale wa kanisani wa kuombea wafu.

Enzi za kanda za VHS, VJ alikaa kibandani na maikrofoni yake, akaziona nyuso. Watu wakitulia, naye alitulia. Siku hizi tafsiri nyingi hurekodiwa studio, zikafika Mbale kwenye diski au flashi, na aliyerekodi hajui kama kibandani kuna aliyeshika pumzi.

Mwishoni mwa majina ya Halloween, mwanga ndani ya boga huzimika. VJ aliyesema neno kabla ya hapo bado hajaiva kwa filamu za kutisha, hata Jinja nzima ikimshangilia.