Damu ya Gulu, Umio wa Roret

Kipimo cha saratani kwa damu kimeshafanyiwa kazi Afrika Mashariki, tena kwa ugonjwa unaokifaa. Mradi wa AI-REAL, ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Oxford, ulichukua damu ya watoto na vijana walioshukiwa kuwa na limfoma, katika hospitali zikiwemo Muhimbili, Dar es Salaam, na Lacor, Gulu. Msako ulikuwa wa limfoma ya Burkitt, ile aliyoieleza Denis Burkitt akiwa Kampala mwaka 1958. Uvimbe wake huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Majibu ya kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe yakichelewa wiki kadhaa, huenda yasimkute mtoto.

Seli za saratani zikifa huacha vipande vya DNA kwenye damu, na uvimbe unaokua mbio huacha vingi. Zilitafutwa alama mbili: DNA ya virusi vya Epstein-Barr, na mahali jeni ya MYC ilipokatika kutoka kromosomu ya 8 ikaungana pasipo pake, mara nyingi kwenye ya 14. Hii ya pili ndiyo yenye uzito. Virusi vyenyewe karibu kila mtu mzima anavyo.

Sasa njoo Roret. Huku kwenye majani chai, Kericho na Bomet, kansa inayotumaliza ni ya umio. Mtu huanza kukwamwa na ugali, akahamia uji, na akifika hospitali ya Tenwek, Bomet, mara nyingi kilichobaki ni kuwekewa stenti apate kumeza. Kwa nini basi asipimwe damu mapema, hapa hapa senta?

Kwanza, chupa. Damu ikiwa kwenye ile ya kawaida ya kifuniko cha zambarau, plasma lazima itenganishwe ndani ya saa chache. Ikichelewa, seli nyeupe hupasuka na DNA yao hufunika kile kidogo kinachotafutwa. Zipo chupa zinazohimili siku kadhaa, kwa bei yake. Lakini hilo ni dogo. Umio unaoanza tu kuharibika humwaga DNA kiduchu mno, pengine kusiwe na hata kipande kimoja ndani ya chupa nzima, na hauna mkato mmoja wa jeni unaojulikana wa kusakwa kama ule wa Burkitt.

Tenwek walitumia iodini. Kwa endoskopi, umio hupuliziwa iodini ya Lugol: utando usioharibika, wenye glaikojeni, hugeuka kahawia, palipoharibika hubaki pameparara, na kinyama hutolewa papo hapo. Utafiti wao uliochapishwa 2016 ulikuta mabadiliko ya awali kwa asilimia 14.4 ya watu wazima wasio na dalili yoyote. Sidhani damu ingewafichua hao.

Damu ingefaa baada ya upasuaji, kuchungulia kama kansa inarudi, maana jeni za uvimbe wa mgonjwa huyo zingekuwa zimeshasomwa. Ila pesa za kaunti zikipatikana kesho, mimi ningenunua endoskopi kwanza.