Mapenzi ni kikohozi: tusome tena kitabu kimoja cha Remarque

Wazee walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Sisi tunaitumia methali hiyo mara nyingi kwa kuwachekesha vijana. Lakini kuna kitabu kimoja ambamo si mzaha hata kidogo, kwani anayependa ndiye anayekohoa, tena anakohoa damu. Ni riwaya ya Mjerumani Erich Maria Remarque, iliyotoka mwaka 1961. Kwa Kifaransa inaitwa Le ciel n'a pas de préférés, ni kusema: mbinguni hakuna apendelewaye. Tuliisoma na wanafunzi wa mwaka wa sita, na ubishi ukawa mkali hata tukaona vema kuuleta mbele ya wasomaji wetu.

Habari yenyewe kwa kifupi. Lillian ni msichana mgonjwa wa kifua kikuu katika sanatorio, yaani hospitali ya milimani, kule Uswisi. Clerfayt, dereva wa mbio za motokari, anafika pale kumtazama mwenzake Hollmann anayetibiwa. Anaonana na Lillian. Lakini Lillian ana mtu wake, Boris, Mrusi, mgonjwa vilevile. Tena sheria ya nyumba ni kali: usiku hakuna kutoka. Munganga mkuu wagonjwa wanamwita Dalai Lama, na muuguzi mkuu wanamwita Mamba. Lillian anaruka sheria yote, anapanda motokari ya Clerfayt, wanashuka pamoja mpaka Paris.

Hapo wazee wengine watasema: kitabu hiki kinafundisha watoto uasi. Sisi hatuoni hivyo. Kwetu tumezoea mapenzi yanayokatazwa na ukoo: mali haijatoka, kabila si moja, kuna ugomvi wa zamani. Hapa ukoo haukatazi kitu. Kinachokataza ni ugonjwa. Desturi yetu ya kuchunguza familia mbele ya uchumba, kuuliza kama kuna ugonjwa gani, ni ya busara. Lakini tumeona pia namna uchunguzi ule unavyogeuka hukumu. Binti anakohoa miezi miwili, posa inarudishwa, na hata akipona jina linabaki: "yule wa kifua". Siku hizi kifua kikuu kinapona kwa dawa, mara nyingi kwa miezi sita, kama mgonjwa hakatizi. Ulimi wa watu ndio haujapata dawa.

Juu ya mbio, Remarque hakuandika kwa kubahatisha. Miaka ya 1920 alifanya kazi ku gazeti la michezo Berlin, Sport im Bild, na motokari alizipenda. Mbio anazozitaja ni za kweli: Targa Florio ya Sisilia, na Mille Miglia iliyotoka Brescia mpaka Roma na kurudi Brescia, karibu kilomita 1600 katika barabara za watu wote. Mwaka 1957, katika Mille Miglia, gurudumu lilipasuka, motokari ikaingia kati ya watazamaji. Dereva na mwenzake walikufa, na watazamaji 9 pia, watoto wakiwemo. Mbio hizo, kwa namna ile, zikakomeshwa. Msomaji wa 1961 alikuwa bado anakumbuka.

Basi mwandishi anaweka watu wawili kando kwa kando. Mmoja anatafuta pumzi kila usiku. Mwingine, mzima wa mwili, anaitupa yake barabarani. Kule Brescia hasira inamshika Lillian: wanaume hawa wanachezea kile ambacho yeye anakililia. Kwa maoni yetu kurasa hizo ndizo zenye nguvu kupita zote. Mbio hazikuwekwa mle kwa kupamba hadithi.

Halafu Clerfayt anabadilika. Mwanzoni alimpenda Lillian kwa sababu wote wawili hawakuwa na kesho. Sasa anaitaka kesho: ndoa, nyumba ku Riviera, waganga, mapumziko. Ni mambo mazuri, nani angeyakataa? Mwanafunzi mmoja wa kike akanyanyua mkono: "Mwalimu, si sasa yeye ndiye Mamba?" Lazima tukubali kwamba sisi wenyewe hatukuwa tumeliona jambo lile. Mtu aliyemtoa mgonjwa kifungoni anamjengea kifungo kingine, tena kwa mapenzi. Lillian anajitayarisha kumwacha. Mbele hajaondoka, Clerfayt anakufa katika mbio za Monte Carlo. Mzima ndiye ametangulia. Lillian anarudi milimani pamoja na Boris, na baada ya wiki chache naye anakufa. Hollmann, yeye, amepona.

Hata hivyo hatutasifu tu. Kosa la kitabu ni kwamba watu wake hawana watu. Lillian ana mjomba Paris, mshika feza zake, basi. Clerfayt ana dada, lakini tunamwona tu kisha kifo, akija juu ya nyumba. Msomaji wa kwetu atacheka kwa uchungu, sababu dada huyo tunamjua: matanga hayajaisha, yeye anauliza hati. Lakini mama, shangazi, jirani wa kuleta uji, hakuna hata mmoja. Mapenzi yasiyo na mtu wa kuyashuhudia yanakuwa mepesi: hoteli, nguo, kisha hoteli ingine. Mwandishi anataka tuite hali ile uhuru. Sisi tunaona ndani yake upweke mwingi, na yeye hakuupima vya kutosha.

Tunawashauri walimu wenzetu wakitoe kitabu hiki mwaka wa sita, na wawaulize vijana swali moja: nani ana haki ya kupanga siku za mgonjwa? Jibu la wazee wetu lilikuwa kwamba mgonjwa haachwi peke yake. Ni jibu jema, na Remarque hakulijua. Lakini mwanafunzi wetu naye alisema kweli, na tukiwa kando ya kitanda cha mgonjwa tumkumbuke: kumkalia karibu si kumfungia mlango.