Sifa za Anayetangulia

Ukitoka Mpanda kwenda kusini, unavuka mto Katuma pale Sitalike, kisha barabara inakatiza Hifadhi ya Taifa ya Katavi hadi Kibaoni. Hapo njia zinaachana. Moja inaparamia Lyamba lya Mfipa, ukingo wa Bonde la Rukwa, kuelekea Sumbawanga. Nyingine inabaki bondeni, inapita Usevya na kufika Majimoto, nchi ya Wapimbwe, ya mpunga na ya chemchemi za moto zilizokipa kijiji jina lake.

Wapita njia wengi huutupia jicho ule ukingo wa bonde, wakaendelea na safari zao. Mimi naona ni mahali pa kumpeleka mtu ambaye hajapanda mlima tangu azaliwe. Bonde la Rukwa liko kiasi cha mita 800 juu ya usawa wa bahari, na uwanda wa Ufipa ulio juu yake unapita mita 1,500. Hakuna baridi wala hewa haba ya Kilimanjaro yenye mita zake 5,895, na kamba hazihitajiki. Kuna mashamba, vijiji, msitu wa miyombo, halafu mwinuko. Hata hivyo, mwinuko huo huo unaweza kumfurahisha mgeni au kumtoa roho. Inategemea nani ametangulia. Ufundi wa huyo anayetangulia ndio ninaotaka kuusifu.

Si ufundi wa jana. Mwaka 1871, vita vya mtemi Mirambo vilipoziba njia ya kawaida kati ya Tabora na Ujiji, msafara wa mvumbuzi Stanley ulizunguka kusini kupitia Ukonongo, katika misitu ambayo leo sehemu yake imo mkoani Katavi. Mkuu wa askari wake alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani India utotoni na kurudi Afrika akiwa mtu mzima. Bombay alikwisha kusafiri na wavumbuzi Burton na Speke, na baadaye akavuka bara zima na mwingine, Cameron. Misafara ya zama zile ilikuwa na kirangozi, mtu wa mbele mwenye bendera. Penye njia panda alilaza tawi kwenye njia isiyotakiwa, na wapagazi waliokuwa nyuma sana wakajua pa kupita bila kumwuliza mtu. Vitabu viliandikwa kwa majina ya waliofuata nyuma, nao watangulizi wakaachiwa mistari michache, mara nyingi ya malalamiko.

Leo, ukitaka mtu wa kukutangulia Majimoto, mtafute miongoni mwa warina asali. Hao huishi na msitu. Mgeni huona miti tu. Mrina asali huona mtundu, mninga, mkurungu, na anajua upi una nyuki na upi ulikuwa nao mwaka juzi. Atakuonyesha mtundu uliokauka umesimama, shina limebanduliwa gome kuzunguka pande zote, akueleze kuwa gome lile lilitengenezewa mzinga na mti ukafa. Ataongeza kwamba mzinga wa mbao haudai gome la mti. Somo limekwisha, na mwendo haujasimama.

Kazi yake huanza kabla ya safari. Jioni ya kuamkia safari huja kukagua nguo. Shati la buluu linawekwa kando, na jeusi vilevile, kwa sababu rangi hizo huwaita ndorobo, na ndorobo wa Katavi hatoboi nguo kwa aibu. Anakagua viatu, anauliza kama vimekwisha kuvaliwa au vimetoka dukani wiki hii. Anauliza una maji kiasi gani, halafu anakuongezea. Anataka mwondoke saa kumi na moja alfajiri, maana bonde hili likishika joto halina msamaha. Msimu nao anauchagua yeye: baada ya masika, njia zikiwa zimekauka, kabla moto wa nyika haujatanda.

Mkishaingia njiani, tazama miguu yake. Hatua ni fupi, na haibadiliki penye tambarare wala penye mwinuko. Kijana mwenye nguvu atakereka na mwendo huo kwa nusu saa ya kwanza. Kiongozi hamjali, kwa kuwa hampimi yeye. Anampima aliye dhaifu kuliko wote. Tena hampimi kwa kumtazama usoni. Anamwuliza habari za watoto wake, shule wanayosoma, bei ya mchele huko kwao. Majibu yakija marefu, mwendo unaendelea. Yakianza kukatika katikati ya sentensi, yeye husimama na kunyoosha kidole: huo mwembe pori umeona ulivyo? Nyayo hizi ni za tohe au za nani? Kila mtu anaegemea fimbo na kutazama. Pumzi zinarudi, na hakuna aliyeambiwa kuwa amechoka. Nimeshuhudia viongozi wa shughuli nyingine nyingi, wakiwamo wenye magari na walinzi, ambao hawajui kumpumzisha mtu bila kumfedhehesha.

Kuna mambo asiyoyafanyia mzaha. Penye upupu atazuia kundi zima, apite kwanza na fimbo kuuinamisha, kwa kuwa vinyweleo vile vikiingia shingoni safari imeharibika. Kinyesi kibichi cha tembo hakifanyi kuwa jambo la kupigia picha; anakigusa kwa mgongo wa mkono kama mama anayepima homa ya mtoto, kisha anageuza njia. Vigingi vya mpaka wa hifadhi anavijua kimoja kimoja, na hata mgeni ambembeleze vipi hatavuka. Wakati wa kuteremka ndipo anakuwa mkali zaidi: kamba za viatu zifungwe upya, magoti yakunjwe kidogo, miguu iwekwe upande penye changarawe. Wanaoanza huogopa kupanda, lakini wengi huumia wakishuka.

Halafu kuna vijiji. Mgeni asiyeongozwa hupita uani kwa watu kama anapita sokoni. Kiongozi huanza kwa mwenyekiti wa kijiji, kitabu cha wageni kinasainiwa, na mchango wa kijiji unalipwa mbele ya macho ya watu. Njiani anamwamkia kila mmoja inavyompasa: shikamoo kwa bibi anayeanika mpunga, mwangaluka kwa Msukuma aliye nyuma ya ng'ombe wake. Kwa salamu hizo mnakaribishwa kivulini, sahani ya matobolwa (viazi vitamu vikavu) na karanga inaletwa, na mgeni anajifunza kuwa safari ya mlimani si kuhesabu mita tu.

Tanzania tunayo mifano ya jinsi jambo hili linavyoweza kukua. Usambara ya Magharibi, watu hutembea siku kadhaa kutoka Lushoto hadi Mtae, wakipita msitu wa Magamba na vijiji kama Rangwi, wakilala kwa wenyeji. Wamo wasiowahi kupanda mlima. Vijana wa Lushoto walijipanga katika vikundi vya kuongoza wageni. Kilimanjaro nako mpagazi amewekewa kikomo cha kilo 20, kwa sababu watu walipiga kelele mgongo wa binadamu uheshimiwe. Majimoto haina umaarufu huo, na pengine ni bahati, kwa kuwa bado ina nafasi ya kuanza vizuri.

Kuanza vizuri kunataka mambo machache. Serikali za vijiji zitambue warina asali wanaojua njia na kuandika orodha yao. Wapewe mafunzo ya huduma ya kwanza na simu yenye chaji, maana maarifa ya mitishamba hayaungi mfupa uliovunjika mbali na zahanati. Kila kundi liwe na watu wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma kabisa. Ujira uwe umeandikwa, mgeni aujue kabla hajavaa viatu. Na Kampasi ya Mizengo Pinda ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, iliyo hapa hapa katika Halmashauri ya Mpimbwe, iwaite warina asali hawa mbele ya wanafunzi wafundishe, wala wasikaribishwe kuja kusikiliza tu.

Nawe msomaji, ukifika Majimoto na ukaonyeshwa mtu wa kukuongoza, usianze kwa kumwuliza kilele kiko umbali gani. Mwulize jina lake, mlipe haki yake bila kuombwa, na ukirudi kwenu ukasimulia safari, anza na yeye.